Picha Sita za Kuchekesha

Alhamisi, 27 Julai 1905

Suruali tatu za askari zimekwisha. Kaki hii ngumu kama ngozi, sindano mbili zimekatika. Mgongo unauma.

Mchana nilikwenda dukani kwa Jivanji kuchukua uzi. Sanduku la chemni za taa limefika kutoka Majunga kwa njia ya Unguja. Kila chemni imeviringishwa gazeti la Kifaransa. Jivanji huniwekea karatasi zote, yeye hana haja nazo. Tangu niondoke Nosi-Be, nilikojifunza ushonaji kwa fundi Mfaransa, sijapata mtu wa kusema naye lugha ile. Naisoma tu, nisije nikaisahau.

Leo nimepata zile za picha. Picha sita katika vyumba sita, maneno kidogo chini. Mtu wa kunyongwa amesimama, kamba imekatika. Mnyongaji anajikuna kichwa. Yule mtu anasema, usihangaike bwana, duka nalijua, nitakwenda mimi. Anakwenda. Anarudi anahema, jasho linamtoka, kamba mpya begani, anaomba radhi kwa kuchelewa. Ananyongwa. Chumba cha mwisho mnyongaji anatia chenji ya kamba mfukoni.

Jioni nilimsomea Bakari, karani wa boma, hapa barazani. Alicheka hadi akakohoa. Mke wangu Hadija akauliza kutoka ndani kama kweli tunacheka mtu kunyongwa. Nikamkumbusha maziko ya mama yake kule Njinjo. Mzee Likwena, mtani wao, aliingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maiti atafute kwingine. Na Hadija akacheka palepale, huku analia.

Alijifanya anapepeta mchele.

Nimeigongomea karatasi ile ukutani, juu ya cherehani.


Jumanne, 1 Agosti

Bakari amepita asubuhi, hakukaa. Anasema Umatumbini watu wameng'oa pamba ya serikali. Akida amekimbia na nguo ya kulalia. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hadija ana ndugu mmoja tu duniani, Selemani, na Selemani yuko Njinjo. Kila anayeingia mjini na mzigo kutoka bara, Hadija anamwuliza habari zake.


Jumamosi, 5 Agosti

Mzee Likwena amekuja na ufuta wake. Nimemwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kama Wangazija bado wanakula samaki na mifupa yake kwa uchoyo. Ndivyo anavyoanza siku zote.

Habari za Selemani ni njema. Mtama umepatikana. Lakini kuna jambo, na Likwena alilisema kwa sauti ndogo, Hadija akiwa amekaa karibu. Kuna dawa. Maji. Ukiyanywa na kupakwa, risasi ya Mdachi inageuka maji mwilini. Watu wote wa kule wamekwenda kuyachukua. Selemani amekunywa. Yeye Likwena pia amekunywa.

Hadija akamwuliza anaonaje mwilini.

"Mpaka sasa yamenitoa minyoo tu," akasema. "Lakini minyoo nayo ilikuwa adui."

Tukacheka wote watatu.

Kabla hajaondoka aliiona karatasi ukutani. Hajui kusoma. Aliangalia chumba kimoja kimoja, mikono nyuma, kama anayekagua mbuzi. Nikataka kumweleza, akanizuia.

"Huyu ni sisi," akasema. "Tunalima pamba ambayo hailiwi. Tunaibeba wenyewe hadi pwani. Tukichelewa, tunaomba radhi."

Nimekaa na maneno yale siku nzima. Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Nimefumua.


Ijumaa, 18 Agosti

Mji umejaa hofu. Liwale imechomwa, boma lote. Inasemwa Wazungu wa huko wamekufa. Mganga wa yale maji Wadachi wamekwisha mnyonga, lakini watu hawakuacha. Msikitini leo safu zilikuwa chache, wengine wamepeleka familia zao visiwani.

Meli imeshusha askari. Pamoja nao ofisa mpya. Anavaa kioo kimoja jichoni, kimeshikwa na unyusi tu, hakianguki hata akipiga kelele. Watu tayari wanamwita Bwana Kioo.

Mafundi wote wa cherehani tumeitwa. Kazi ni ya kaki tu mpaka tutakapoambiwa. Harusi na maziko vingoje.


Alhamisi, 24 Agosti

Nimerudi nyumbani mzima. Naandika hivyo kwanza, maana mchana sikutarajia.

Shaushi mmoja, msimamizi wa askari, alikuja kuchukua suruali. Akainua macho. Akaona mti wa kunyongea, na aliyevaa kofia ya kiserikali anatia fedha mfukoni. Aliing'oa karatasi na misumari yake. Akaniuliza nani amechora. Nikasema Wafaransa. Akasema Wafaransa hawapo hapa, mimi nipo. Nikapelekwa boma nikiwa na tepu ya kupimia shingoni. Niliisahau. Njiani watu waliniangalia, kisha wakaangalia kwingine.

Bwana Kioo alikuwa mezani. Bakari amesimama nyuma yake kutafsiri, uso umemkauka. Hakuhitajiwa. Yule bwana anajua Kifaransa kuliko mimi, na Kiswahili chake kinatosha kumtisha mtu. Aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akaniambia nieleze kwa nini inachekesha.

Sijawahi kuulizwa jambo gumu zaidi. Nilianza chumba cha kwanza. Kamba imekatika, bwana. Ndiyo. Mnyongaji hana nyingine, bwana. Ndiyo. Jasho lilinitoka kama la yule mtu aliyekwenda dukani. Kila nilichoeleza kilikufa mdomoni. Nilipofika mahali anapoomba radhi nikasema, mtu huyu ana adabu kuliko wanaomnyonga, na adabu yake haimsaidii. Nikajua nimekosea. Bakari alifumba macho.

Bwana Kioo akakiangalia chumba cha mwisho akacheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa. Aliniuliza kama najua kuchora. Nikasema nachora nakshi za kofia, mke wangu anatoboa vitundu kwa sindano. Akaniambia nende zangu. Karatasi ameizuia.

Hadija alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba. Naogopa. Afadhali angenichapa ningejua jambo limekwisha.


Jumatano, 30 Agosti

Wameleta mateka kutoka Njinjo. Mnyororo mmoja, shingo kwa shingo. Hadija alikuwa kisimani. Selemani alikuwa wa nne. Nyuma yake Mzee Likwena.

Anasema Selemani hakumwangalia, alimpita kama hamjui, kwa kumlinda. Likwena yeye alimwangalia akamkonyeza.

Hadija alipeleka ugali na dagaa mlangoni pa boma. Askari walichukua chakula, hawakuahidi kitu. Amerudi na sinia tupu. Hakulia. Ameosha sinia mara tatu.


Ijumaa, 1 Septemba

Nimeitwa tena. Nilidhani ni kwa ajili ya Selemani, maana katika mji huu nani asiyejua ni shemeji yangu.

Haikuwa hivyo. Bwana Kioo ameitandaza karatasi yangu mezani. Anasema amefikiri. Tangazo la serikali likibandikwa watu hawasomi. Picha wataiona. Anataka picha sita za mjinga anayekunywa maji ya uganga. Watu wacheke. Anayechekwa, anasema, hafuatwi tena. Moja itabandikwa sokoni hapa, nyingine askari watachukua hadi Kinjumbi, na Likawage wakifika.

Nikapata ujasiri nisiojua umetoka wapi. Nikamwambia kwamba katika mnyororo wa Njinjo yumo ndugu ya mke wangu, mkulima, hakuua mtu.

Alikigeuza kioo chake akakifuta kwa leso.

"Nichekeshe kwanza," akasema. Shauri la mateka ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Hadija aliponiuliza wamesemaje, nilimwambia yote. Akaondoa vyombo mezani ninapokatia, akafuta, akaweka taa.


Jumapili, 3 Septemba

Nimechora. Mtu anakunywa kibuyu. Anacheza ngoma. Anakwenda kwenye bunduki kifua mbele. Anapigwa. Anaanguka. Kibuyu kinamwagika.

Nimempelekea Bwana Kioo asubuhi. Hakucheka hata kidogo. Alisema, huyu amekufa tu. Alinionyesha karatasi ya Kifaransa kwa kidole: tazama, yule wa kamba mtu anampenda, ndiyo maana anacheka. Wako simjui.

Amesema kweli. Namchukia kwa sababu amesema kweli. Anakijua kicheko kama daktari anavyojua mwili, na ameketi juu ya watu waliofungwa shingo.


Jumatano, 6 Septemba

Karatasi nne zimeharibika. Sijashona. Shaushi amekuja kudai suruali, nikamwambia nafanya kazi ya bwana mkubwa. Aliondoka. Hilo nalo limeniumiza. Nimekuwa mtu wa kusema kazi ya bwana mkubwa.

Nimetoa magazeti yote ya zamani kutafuta siri yao. Daktari anafika kwa mgonjwa, mgonjwa amekwisha kufa, daktari anampima anamwambia mjane homa imeshuka. Wazima moto wanamwagilia maua maji kwa sababu nyumba imekwisha kuungua. Zamani nilicheka. Sasa nimezikodolea macho kama mtoto aliyepewa msahafu. Wafaransa hawa hawaogopi maiti, wanaingia naye chumba kimoja. Lakini wanamcheka daktari. Wanamcheka mnyongaji. Maiti wanamwacha na heshima yake. Mimi nimeagizwa kinyume.

Nilimwonyesha Hadija picha ya jana. Jamaa mnene, anakunywa, risasi inamfuata kama nyuki. Nilidhani ina uchangamfu.

"Umemchora kaka yangu," akasema.

"Sikumchora yeye."

"Masikio yake hayo."

Nikaangalia. Kweli, masikio yale yalikuwa ya Selemani. Mkono umechora wenyewe. Nimeichana. Nikashikwa na hasira, si juu yake, nikapiga ukuta. Kidole kimevimba.

Siku zinakwisha. Mtu atanyongwa kwa sababu fundi wa Kingazija hajui kuchekesha.


Alhamisi, 7 Septemba

Imepatikana.

Baada ya adhuhuri nilikuwa nimekaa, Hadija anatwanga mtama uani. Nikawaza, kama lazima mmoja awe mjinga, na asiwe mtu wa Njinjo, basi ni nani. Nikajichora mimi. Kitambi changu, kofia imekaa upande, tepu shingoni. Fundi anasikia habari za maji. Chumba cha pili ananunua kibuyu kizima kwa mganga. Chumba cha tatu anajimwagia, anainyunyizia na cherehani. Hapo nikakwama. Bunduki sikutaka kuichora tena.

Nikamwita Hadija. Aliangalia kitambi. Nikaona mdomo wake unacheza.

"Mpe mke," akasema. "Amwambie mkewe amjaribu kwa mchi."

Nikachora mke na mchi. Chumba cha tano, mchi umetua utosini, fundi amekaa chini, nundu imeinua kofia hadi juu kama nguzo ya hema. Cha sita, fundi amerudi kwa mganga na kibuyu, nundu na kofia vikimtangulia, na chini nimeandika: Maji yako yamechacha.

Hadija alicheka. Aliketi juu ya kinu akacheka hadi khanga ikamwanguka begani. Nikacheka naye. Tukashikana. Halafu akasema, Selemani yuko kwenye mnyororo na sisi tunacheka, akaficha uso. Lakini mabega yalikuwa bado yanacheka. Nilimjua tena mke wangu. Siku nyingi sikumwona.


Ijumaa, 8 Septemba

Nimeipeleka baada ya sala. Bwana Kioo alifika chumba cha tano akapaliwa kama siku ile. Alirudi nyuma, akaangalia tena nundu. Akacheka zaidi. Bakari naye akacheka, kwa kuwa sasa kuna ruhusa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, bwana."

"Nilitaka afe. Kwa nini hukufa?"

"Nikifa, bwana, nani atashona suruali za askari?"

Alicheka kwa hilo pia. Kisha kicheko kikaondoka usoni mwake ghafla, kama taa iliyopulizwa, akaniangalia kwa kile kioo. Akasema picha ni nzuri lakini si ile aliyoagiza. Hakuna aliyekufa ndani yake. Hakuna hofu. Nilisikia nzi dirishani. Akamwita askari, akamwambia neno kwa Kidachi, askari akaichukua picha akatoka nayo upande wa gereza, si upande wa sokoni. Sikuelewa kwa nini.

Nikamwuliza kuhusu shemeji yangu.

"Kesho," akasema.

Sijui nimemwokoa au nimemponza. Hadija ameuliza mara moja tu. Yuko kwenye mswala tangu magharibi.


Jumamosi, 9 Septemba

Bakari amekuja mwenyewe, amesimama uani, hakutaka kuketi. Shauri limekwisha kabla ya mchana. Hakukuwa na maneno mengi. Watu wa Njinjo wamehukumiwa kunyongwa. Selemani peke yake ametolewa, ameandikiwa kazi ya mnyororo, kubeba mawe ya barabara.

Hadija alikaa chini palepale mchangani. Akasema alhamdulillahi. Halafu akauliza, "Na Mzee Likwena?"

Bakari akaangalia viatu vyake.

Sikumwombea Likwena. Nilisimama mbele ya yule bwana, ulimi upo, nikamtaja mmoja. Ningeweza kutaja wawili. Labda angekataa wote. Labda. Neno hili litakaa nami nyumba moja.


Jumatatu, 11 Septemba

Wenye maduka na mafundi wote tumeamriwa kuhudhuria. Milango imefungwa. Tumesimama juani tangu asubuhi.

Sitaandika yote.

Waliletwa kwa foleni. Wale wa kazi ya mnyororo, mateka wa vijiji vingine, nao waliletwa, waketi watazame. Selemani alikuwa mbele yao. Mzee Likwena alitoka wa kwanza, bila kusukumwa. Alipopita mbele ya walioketi aligeuka akasema neno. Hatukulisikia, tulikuwa mbali. Tuliona tu vichwa vyao vimeinama na mabega yanatikisika. Askari akawapiga kwa kiboko, mabega hayakuacha. Watu walionizunguka wakasema, masikini, wanalia.

Mimi pia nilidhani wanalia.

Hakuna aliyewaosha walionyongwa. Hakuna aliyeruhusiwa. Mtani wa kuingia kaburini kwa mtani hakuwapo.

Niliporudi niliona picha yangu imebandikwa sokoni, kwenye ukuta wa wauza samaki. Nikazunguka nyuma ya boti za watu nisipite mbele yake.


Ijumaa, 15 Septemba

Nimepita sokoni kwa sababu lazima nile. Muuza kisamvu aliniita, "Fundi, nundu imepoa?" Mwenzake akasema maji yamechacha. Wakacheka, wakaniongezea fungu. Si kicheko kibaya. Kingekuwa kibaya ningejua la kufanya.

Wanaocheka ni walewale waliosimama juani Jumatatu. Nimewaangalia. Wanachekea ukuta, kisha wanaangalia kama kuna askari. Wanajua na najua. Sidhani Bwana Kioo anapata alichokitaka. Sijui mimi nimepata nini.

Nilitaka kuibandua. Sikuthubutu.


Jumamosi, 7 Oktoba

Bwana Kioo ameondoka na kikosi kwenda bara. Hakuniaga, kwa nini aniage. Ameondoka na karatasi yangu ya Kifaransa.

Wanaotoka kule wanasema ghala zinachomwa. Mtama uliokwisha vunwa, na mbegu pia. Hadija ameanza kuficha unga, kibaba leo, kibaba kesho.

Selemani tunamwona kwa mbali barabarani, jiwe kichwani. Anazidi kuwa mwembamba.


Jumapili, 22 Oktoba

Wamemwachia. Si kwa huruma. Alikuwa na homa na kuhara damu, hawezi tena kubeba, na gerezani hawataki kumlisha. Bakari alitutumia neno, tukaenda na kitanda cha kamba. Mtu mzima, nimembeba upande mmoja bila kuhema.

Shingoni ana alama ya chuma, imefanya usaha. Hadija ameiosha kwa maji ya mwarobaini.

Hasemi.


Alhamisi, 26 Oktoba

Leo amekula uji akaumaliza. Niko kwenye cherehani, yeye amekaa mkekani, mgongo ukutani. Alianza bila kuulizwa.

"Shemeji, ile picha yako waliileta kwetu kwanza."

Nilisimamisha gurudumu.

Anasema ile Ijumaa jioni askari aliingia nayo gerezani. Aliambiwa awaonyeshe waliokunywa maji, aone kama watacheka. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanangoja kufa. Mzee Likwena akaomba aisogeze karibu, macho yake mabovu. Aliangalia chumba kimoja kimoja. Akasema, "Huyu Mngazija wetu. Na anayemponda kwa mchi ni binti yetu Hadija, namjua kwa mkono." Akauliza maneno ya mwisho yanasemaje. Mmoja aliyesoma akamsomea.

Hakuitaja tena siku ile, wala Jumamosi, wala Jumapili.

"Jumatatu," Selemani akasema, "alipotupita akageuka. Akasema, niacheni nitangulie kwa mganga nikadai changu. Maji yalikuwa yamechacha."

Niliinama juu ya kitambaa.

"Tulicheka, shemeji. Sijui tulichekaje. Tulipigwa tukaendelea kucheka. Yeye alikuwa mtani wetu, alikuwa anatuzika mapema, kwa kuwa alijua hatutaweza kumzika."

Hadija alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Aliingia jikoni na hakutoka kwa muda mrefu.

Nilimwambia Selemani kwamba sikumwombea mzee. Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba.

"Najua," akasema. "Naye alijua." Akajifunika shuka akalala.

Hakuniambia nimesamehewa. Hakuniambia sikusamehewa.


Jumapili, 29 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi, watu wana shaka kama mwezi utaonekana. Hadija ameloweka kunde kwa ajili ya daku, chache.

Selemani ametembea hadi mlangoni na kurudi. Kisha akasema anataka kanzu ya tarawehe, ile aliyotoka nayo Njinjo ilioza mwilini. Nina kipande cha kitambaa cha marekani nilichokiweka zamani. Nikachukua tepu. Nilimpima mabega, nikampima mkono, nikampima urefu. Alisimama kwa utulivu, mikono mbali na mwili kama mtoto anayevishwa.

Nilipoinua tepu kwenda shingoni, alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa na uso wa hofu. Mwili tu ulirudi.

"Hapo kisia," akasema.

Niliweka tepu juu ya cherehani. Nilimwangalia shingo kwa macho, nikakata. Nimeikata pana.

Magharibi Hadija ametuita tutazame upande wa mikoko. Mwezi upo, mwembamba sana.

Kesho tunafunga.